Mstari wa Juu

"Bandua hiyo selotepu."

"Sibandui."

"Pin, nimesema bandua."

"Na mimi nimesema sibandui, Dada Lan. Kama inakuwasha, ibandue mwenyewe."

Waligombana kwa kunong'ona, maana ilikuwa saa ya kulala. Taa zimezimwa, mapazia yameshushwa, na wafanyakazi wote wameinamia meza zao, vichwa juu ya mito midogo, kama ilivyo katika ofisi nyingi za Taichung baada ya chakula cha mchana. Anayepiga kelele saa hiyo ni mtu asiyelelewa. Lakini ugomvi wa kunong'ona ni mgumu kuliko wa kupayuka: hasira inatafuta pa kutokea, haipaoni, inaishia puani. Tseng Yu-lan alikuwa anapumua kama birika.

Ofisi ilikuwa yake, ghorofa ya nne juu ya duka la magodoro, na vijana wake walikuwa wachache kiasi kwamba alijua nani hali vitunguu. Ukutani mbele yake palibandikwa chati ya kazi yao kubwa ya mwaka ule, programu ya simu ya kupanga safari za chakula kwa wazee, karatasi pana kama shuka la mtoto. Chati yenyewe haikuwa na siri. Kila kipande cha kazi kilikuwa na kadi yake. Mstari wa juu, mwekundu, ulionyesha jumla ya kadi zote. Mstari wa chini, wa kijani, ulionyesha kadi zilizokwisha, na kila baada ya wiki mbili ulipanda kidogo. Pale ambapo wa chini ungeugusa wa juu, hapo ndipo kazi ingekwisha. Unaweka rula, unafuata mwinuko, unasoma tarehe. Mtoto wa shule anaweza.

Tangu Juni mstari wa juu ulikuwa umenyooka kama dari. Sasa Hsiao Pin-jung, ambaye kazi yake ni kuijaribu programu kabla haijamfikia mteja, na ambaye mdomo wake hauna pazia, alikuwa ameung'oa na kubandika selotepu nyekundu mpya, inayopanda ngazi kwa ngazi hadi karibu na ukingo wa karatasi.

"Saa tisa nakwenda kwa Shangazi Ou," Yu-lan alinong'ona. "Afisa wa kata anasubiri tarehe leo hii. Nitampelekea Shangazi kitu gani, hii ngazi ya zimamoto?"

"Mpelekee ukweli."

"Ukweli gani? Kazi tuliyokubaliana ni ileile!"

"Ileile?" Pin alitoa simu mfukoni na kuisogeza karibu na uso wa bosi wake, mwanga ukamfanya Yu-lan afumbe jicho moja. "Soma. Hii hapa Julai: 'Lan, kama si taabu, herufi ziwe kubwa, madereva wangu ni wazee.' Ukajibu nini?"

Yu-lan alikumbuka alichojibu. Alituma picha ya dubu anayeinama kwa heshima.

"Agosti: 'Kama si taabu, mtoto wa mzee apate ujumbe chakula kikifika.' Dubu. 'Kama si taabu, simu iseme kwa Kitaiwani, dereva Kuo hasomi vizuri.' Dubu. 'Kama si taabu, mzee akifikisha siku ya kuzaliwa wimbo upigwe.' Dubu, tena dubu na moyo! Dada Lan, nimeyapitia mazungumzo yote. Wema huu uliougawa ni karibu theluthi ya kazi nzima, na hauna kadi hata moja."

"Ni vitu vidogo."

"Mchwa naye ni mdogo."

Sasa lazima ieleweke Shangazi Ou alikuwa nani, maana bila hivyo Yu-lan ataonekana mjinga, na hakuwa mjinga.

Ou Mei-chih alikuwa na jiko kubwa karibu na soko, jiko linalopika vikasha vya chakula cha mchana kwa wazee wanaoishi peke yao. Miaka kumi na mitatu nyuma Yu-lan alijifungua binti yake siku ileile mama yake mzazi alipolazwa kwa kiharusi. Hakukuwa na mtu wa kumtunza katika mwezi wa uzazi. Mumewe alijua kupika maji ya moto tu. Shangazi Ou, ambaye wakati huo alikuwa jirani wa ghorofa ya chini na hata jina la Yu-lan hakulijua sawasawa, alipanda ngazi na sufuria ya supu ya kuku, tangawizi na mafuta ya ufuta. Kesho yake akapanda tena. Alipanda mwezi mzima. Hakuuliza, hakudai, hakukumbusha. Mtu wa namna hiyo akikwambia "kama si taabu", unamjibu nini?

Tena hakuja mikono mitupu. Kila ombi lilifika ofisini na chungu chake: mara figili za kuchemsha, mara uji wa wali na viazi vitamu, mara maandazi ya mvuke yaliyojaa nyama. Vijana wakala, wakajilamba vidole, na Yu-lan akawaambia: "Lifanyeni tu. Msiandike kadi. Mtu amekulisha, halafu umwandikie kadi? Huko si kukosa adabu?" Hakuna aliyebisha. Na wao walilelewa hivyohivyo. Kazi ya mkataba inaandikwa, fadhila haiandikwi.

Kwa hiyo fadhila zikawa zinakula siku, na mstari wa kijani ukawa unapanda kama mzee mwenye gunia. Na kwa kuwa mstari wa juu ulisema kazi haijaongezeka, jibu lilikuwa moja tu: watu ni wavivu.

"Jumatatu," Pin alisema, na sasa mnong'ono wake ulikuwa umepoa, jambo lililomtisha Yu-lan kuliko ukali, "ulimwambia Kang mbele ya wote kwamba konokono wamempita njiani. Tulicheka. Na yeye alicheka. Unajua Kang anafanya nini siku hizi? Anatafuta kazi kwenye duka la baiskeli la mjomba wake. Ameniambia labda kichwa chake hakifai kwa kompyuta. Kang! Aliyeandika ile sauti ya Kitaiwani peke yake, vitu vyote vya Shangazi amebeba yeye. Ukutani hapa hata nukta moja haionyeshi kwamba aliwahi kuvifanya."

Yu-lan aligeuka kuangalia meza ya tatu, alipolala Tsou Ming-kang, kijana mrefu aliyejikunja kama kiti cha ufukweni, shavu kwenye mto wenye picha ya parachichi.

"Amelala?" aliuliza.

"Sijalala," parachichi likajibu.

"Wala mimi," ikasema sauti ya meza ya dirishani.

"Nani anaweza kulala?" ikasema ya tatu. "Bora mngepayuka tu."

Yu-lan alikwenda ukutani akawasha taa. Watu wakainuka, mashavuni wamechorwa mikunjo ya mito, macho mekundu, wakimtazama. Alikuwa mama wa watoto wawili na alijua sura ya mtoto anayesubiri kuambiwa kwamba kosa si lake. Wengi hawaambiwi. Wazazi wanapitisha tu sahani ya matunda na kudhani wameomba radhi.

"Kang," alisema. "Hukuwa mzito. Mimi ndiye nilikupa kazi ya watu wawili, nikaonyesha ya mmoja. Nimekukosea, tena mbele za watu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele yao haohao. Na asante kwa kuwa bado uko hapa."

Kang alishika masikio yake, ambayo yalikuwa yameiva. "Si kitu, Dada Lan."

"Ni kitu. Usimsaidie mtu anayekuomba radhi, mwache amalize. Kwa mjomba wako utakwenda?"

"Baiskeli zenyewe sijui kuziba pancha."

Watu wakacheka, na safari hii hakuna aliyeumia.

Kisha Yu-lan alichukua nyuzi mbili kwenye kisanduku cha kushonea alichoweka droo ya chini kwa ajili ya vifungo vya sare za shule. Aliubandika mwanzo wa kila uzi pale mstari wa kijani ulipoishia. Uzi wa kwanza aliuvuta kwa mwendo wao wa wiki zile walizofanya vizuri kabisa. Wa pili kwa mwendo wa wiki zile mbovu, ya tufani na ya mafua. Si busara kusema siku moja wakati hujui. Unasema kati ya hapa na hapa, na mtu anapanga maisha yake katikati. Hilo alilijua tangu chuoni na alikuwa akiwafundisha wengine. Ila alikuwa akilifanya juu ya mstari wa uongo.

Nyuzi ziligusa selotepu ya Pin. Wa haraka, mwishoni mwa Januari. Wa polepole, katikati ya Februari, yaani katikati ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, wakati madereva wote wako kwao wanakula na nusu ya mji imefungwa.

Alikuwa amemwahidi Shangazi Ou Desemba, Sikukuu ya Usiku Mrefu, siku watu wanapokula pamoja vidonge vitamu vya unga wa mchele.

Na haikuwa aibu yake peke yake. Afisa wa kata, Bwana Chiu, alikuwa akimkabidhi Shangazi wazee wote wa ng'ambo ya mto, idadi ambayo ingeongeza jiko lake mara mbili, na familia zao zilikuwa zitangaziwe siku ya kuanza. Shangazi alikuwa bado anapanga safari za chakula kwa simu na ubao mweupe. Kwa wazee aliokuwa nao, ubao ulimtosha kwa shida. Mwaka uliopita mkono wa mtu ulipita juu ya ubao ukafuta jina moja, na mzee Hung akakaa mlangoni kwake na vijiti vya kulia chakula mkononi hadi jua likazama. Hakupiga simu. Wazee wa namna ile hawalalamiki. Wanadhani wamesahauliwa kwa haki. Wakiongezwa wengine kama wale kabla programu haijawa tayari, wangekaa wangapi milangoni?

"Kunja chati," alimwambia Pin. "Twende wote. Nikianza kumung'unya maneno, nifinye."

"Wapi?"

"Popote penye nyama."

Walikwenda kwa skuta, Yu-lan akiendesha, Pin nyuma amebeba chati begani kama bomba la maji.

Shangazi Ou walimkuta amevaa buti za mpira, anaosha sakafu ya jiko kwa maji mengi na matusi machache. Vikasha vya siku ile vilikuwa vimekwisha kwenda. Alipowaona aliutupa mpira wa maji.

"Mmekonda! Nyinyi mnakula umeme? Kaeni."

"Shangazi, tumekuja kwa sababu ya..."

"Nimesema kaeni. Maneno hayapoi, supu inapoa."

Wakakaa. Supu ya samaki na tangawizi ikaja, na wali, na mayai ya mchuzi wa soya. Yu-lan alikunywa. Kila kijiko kilikuwa kizuri, na kila kijiko kilimfunga mdomo zaidi. Ndivyo ilivyokuwa miezi yote hii, alifikiri. Hakufungwa mdomo na hofu. Alifungwa na shukrani. Na shukrani isiyosema kitu ina tofauti gani na deni lililokimbiwa?

Shangazi akavuta kiti, akafuta mikono. "Bwana Chiu atapiga saa kumi. Nitamwambia Usiku Mrefu, sawa? Nimeshaagiza unga wa vidonge vya sikukuu, kila mzee wa ng'ambo apate bakuli la tamu siku ya kwanza. Ah, na Lan, kuna kitu kimoja kidogo, kama si taabu..."

Pin alifinya. Alifinya kwa dhati.

"Ni taabu!" Yu-lan alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Shangazi akaweka kitambaa mezani.

"Samahani, Shangazi. Ni taabu. Pin, fungua."

Walitandaza chati juu ya meza ya chuma, wakaikandamiza kwa mitungi ya mchuzi. Yu-lan alieleza, kwanza akigugumia, halafu akinyooka. Huu wa kijani ni tulichomaliza. Huu mwekundu ni tunachotakiwa kumaliza. Kila ngazi unayoiona ni kitu ulichoomba na mimi nikakubali bila kukwambia kinabeba siku ngapi. Herufi kubwa, hapa. Ujumbe wa watoto, hapa. Nyimbo, hapa. Usiku Mrefu hatufiki. Kwa hali hii ni kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari.

Shangazi Ou aliinama juu ya karatasi. Alifuata ngazi kwa kidole chenye kovu la mafuta, moja baada ya nyingine, midomo ikicheza.

"Hii yote mimi?"

"Mimi na wewe, Shangazi. Wewe uliomba, mimi nikanyamaza."

"Julai ulijua?"

"Nilijua kila moja. Jumla yake sikutaka kuijua."

Shangazi alinyoosha mgongo, na hapo ndipo ukali wake ulipotoka, ukali wa mwanamke anayeamka kabla ya jogoo miaka yote. "Wewe mtoto wewe! Unaniona mimi sijui kazi? Kata ikiniongezea vinywa, mimi natia mchele zaidi na nawasha moto mapema. Sitii kibaba kilekile halafu nikamtukana mpishi kwamba ana mkono mfupi! Miezi yote hii naomba kama mtu anayechuma majani ya njiani, kumbe navunja matawi! Kwa nini hukusema?"

"Ulinilisha mwezi mzima, Shangazi. Ningewezaje kukuhesabia?"

"Nilikulisha upate nguvu ya kusimama. Si ya kuniinamia kwa midubu." Alimgeukia Pin. "Nimewahi kumdai huyu? Niliwahi kupanda ngazi na daftari?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi asinilipe kwa kunidanganya. Asante ya punda ni teke, na hii ya kwako, Lan, ni teke lililofungwa kwa utepe." Halafu sauti yake ikashuka. "Ningemwambia Chiu Usiku Mrefu. Wale wangekaa milangoni na vijiti vyao. Unajua?"

"Ninajua. Ndiyo maana nimekuja."

Shangazi alinyoosha mkono, Yu-lan akadhani anapigwa kofi, lakini mkono ulimsukumia bakuli. "Malizia. Na kalamu iko wapi?"

Pin alimpa. Shangazi Ou alianza kuchinja ngazi zake mwenyewe bila huruma, kama anavyosafisha samaki.

"Nyimbo za siku ya kuzaliwa, futa. Dereva Kuo ana sauti, ataimba. Picha ya chakula, futa, wali wanaujua. Rangi za vikasha, nani aliomba upuuzi huu?"

"Wewe, Shangazi," alisema Pin.

"Futa haraka, aibu. Alama ya asiyekula karanga, usiguse, bibi Hsu atatufia. Ujumbe wa watoto..." Alisita. "Binti wa mzee Hung yuko Kaohsiung. Siku ile alinililia kwenye simu. Huu ubaki."

"Ubaki," alisema Yu-lan. "Na sauti ya Kitaiwani imekwisha tayari, inafanya kazi. Kijana wangu Kang aliifanya."

"Kang ndiye yule mrefu anayekula mayai manne? Nitampikia sita."

Pin alibandua selotepu na kuishusha, ngazi zikapungua, mstari ukatulia. Yu-lan alivuta tena nyuzi zake. Wa haraka uligusa siku chache baada ya Usiku Mrefu. Wa polepole uligusa mwisho wa wiki ya kwanza ya Januari.

Shangazi Ou alikodoa macho. "Karibu na Usiku Mrefu kabisa! Mkijikaza kidogo tu..."

Alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile Yu-lan aliwahi kuliona kutoka kitandani, mtoto mchanga kifuani, juu ya sufuria inayofuka moshi. Hakuna kitu angependa zaidi ya kulijibu kwa "ndiyo". Kang angejikaza. Wote wangejikaza. Na ngoja mafua yaingie tena ofisini.

Alihisi kwamba asante aliyoibeba miaka yote ile ilikuwa inatafuta mahali pa kutua, na pa kutua ni hapa.

"Hapana, Shangazi. Wiki ya pili ya Januari, baada ya uzi wa polepole. Sisi tutakuja siku ya Usiku Mrefu kukusaidia kufinyanga vidonge kwa wazee ulio nao. Lakini tarehe ya familia za ng'ambo ni ya Januari."

Simu ya Shangazi ikalia juu ya friza. Bwana Chiu, kabla ya saa kumi, kama kawaida ya watu wenye haraka ya kutangaza. Shangazi aliichukua, akatazama kioo, akamtazama Yu-lan.

"Atanung'unika. Ameshapanga picha za Desemba na diwani."

"Nipe mimi," alisema Yu-lan.

Akaichukua, akasimama, akabonyeza.

"Bwana Chiu, habari za mchana. Hapana, si Bi Ou, yuko hapa karibu. Mimi ni Tseng Yu-lan, ninayetengeneza programu. Ya ng'ambo ya mto andika wiki ya pili ya Januari. Hapana, si Desemba. Najua nilimwahidi Bi Ou Desemba, nilikosea, kosa ni langu, si la jiko. Diwani anaweza kupigwa picha Januari, hata koti litampendeza zaidi. Ndiyo. Na kila wiki mbili nitakutumia chati uone kama tunaifikia. Umeandika? Basi nisomee ulichoandika."